Amana, Arabuni na Kilemba: Habari ya Fedha ya Kuingilia Nyumba Mwembe Tayari



Halmashauri imetuagiza mwaka huu tusiandike katika kurasa hizi habari za vita vya kale wala za masultani, bali tuandike asili ya jambo moja linaloonekana dogo na kumbe linaumiza wengi, nalo ni fedha anayoitoa mpangaji kabla hajakabidhiwa ufunguo. Vijana huiita dipoziti. Agizo hilo lilitokana na shauri lililoletwa mbele ya wazee wetu, nasi tutaanza na shauri lenyewe, kisha turudi nyuma kulitafutia asili yake.

Ndugu yetu mmoja alishuka Mwembe Tayari kwa basi la usiku, akitoka bara kuja kutafuta kazi. Hata juma halijapita alikuwa amepata chumba, si mbali na soko, katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Kodi ilikuwa Sh. 6,000 kwa mwezi. Akatoa Sh. 18,000 mara moja: kodi ya mwezi wa kwanza, na nyingine za miezi miwili “za kuingilia”. Akapewa kipande cha karatasi kilichoandikwa ya kuwa zimepokewa Sh. 18,000 za chumba, basi. Alikaa miezi 14. Hakuchelewesha kodi, hakuvunja kitasa, na alipopata kazi ng’ambo ya Makupa akaaga kwa wema. Ndipo alipoomba Sh. 12,000 zake. Mwenye nyumba akamjibu kwa upole kabisa ya kuwa fedha zile hazikuwa za kurudi, maana zilikuwa kilemba chake.

Wazee walipokaa kusikiliza hawakumwona mwenye nyumba kuwa mwizi, wala ndugu yetu kuwa mwongo. Kila mmoja alisema aliloliamini tangu siku ya kwanza. Mmoja alitoa amana, mwingine akapokea kilemba, na fedha ni ile ile. Karatasi, ambayo ndiyo iliyotazamiwa iseme kweli, ilikuwa kimya. Kwa hiyo twadhani yafaa tueleze majina haya yalikotoka na jinsi yalivyochanganyika, kwa kuwa kurudi au kutorudi kwa fedha hutegemea jina ililopewa siku ya kutolewa.

Kwanza mtaa wenyewe. Wazee husimulia ya kuwa hapa palikuwa na mwembe mkubwa, na wapagazi wa misafara ya bara walikutana chini ya kivuli chake, wakangoja mpaka mizigo ifungwe na kila kitu kiwe tayari. Mahali palipokuwa pa kuondokea leo pamekuwa pa kufikia. Mabasi ya Nairobi huteremsha watu hapa alfajiri, na kabla mgeni hajanywa chai amekwisha kuulizwa kama anatafuta chumba.

Mgeni wa zamani hakuulizwa hivyo, kwa sababu hakuja peke yake. Alifikia kwa jamaa yake, akalala barazani au ukumbini siku chache, kisha jamaa akamchukua kwa mwenye nyumba. Mara nyingi alikuwa mama mtu mzima aliyekaa chumba cha mbele, akipangisha vilivyosalia ili apate chakula chake. Jamaa akasema: “Mama, huyu ni mtoto wangu.” Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa dhamana. Mtoto akitoroka na deni, mama alijua mlango wa kubisha, na aliyemleta alilipa kwa aibu kama si kwa fedha. Kodi ilitolewa mwezi kwa mwezi mkononi mwa mama. Vyama vya namna hii yetu, vilivyozaliwa ili kuzika maiti na kuwasafirisha wagonjwa warudi kwao, navyo vilibeba kazi hiyo hiyo ya kumjua mtu na kumsemea. Dhamana ilikuwa mtu.

Hata hivyo fedha za kutangulizwa zilijulikana pwani tangu kale, na lugha yetu ina majina yake kamili. La kwanza ni arabuni. Hii ni fedha ya kufunga maneno: mnunuzi hutoa kidogo ili muuzaji asimpe mtu mwingine kitu kile. Mapatano yakitimia, arabuni huhesabiwa katika bei. Yasipotimia ndipo watu hugombana, na si wapangaji tu, hata wanavyuoni wamehitilafiana. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, hayakubali muuzaji aile arabuni hiyo bure, ilhali Imam Ahmad bin Hanbal aliruhusu.

La pili ni amana. Amana ni mali ya mwenyewe iliyo mkononi mwa mwingine. Aliyewekewa hana ruhusa ya kuitumia, na mwenyewe akija kuitaka hurudishiwa. Hakuna mtu wa pwani asiyelijua neno hili wala asiyejua uzito wake.

La tatu ni kilemba. Asili yake ni kitambaa cha kichwani, kisha ikawa zawadi ya heshima. Mwanafunzi aliyehitimu kazi kwa fundi wake alimpa kilemba, na katika harusi baba wa bibi arusi alipewa chake. Zawadi hairudi, nani ataomba arudishiwe kilemba cha mwalimu? Baadaye, miji ilipojaa na vyumba vikawa adimu, neno hili likahamia katika majumba na maduka. Zanzibar na Dar es Salaam fedha ya kumlainisha mwenye nyumba ili akupe wewe na si mwingine iliitwa kilemba. Nao Wahindi huko Bombay waliiita pagri, na pagri kwa lugha yao ni kilemba hicho hicho cha kichwani. Hatukukusudia kuamua nani aliyemwigiza mwenzake. Bahari ni moja na majahazi yalikwenda na kurudi. Wafanyabiashara wa Mombasa siku hizi hupenda kusema gudwili, lakini anayeitoa huona kichwa chake kikibaki wazi vile vile.

Sasa tutazame jinsi fedha ilivyochukua mahali pa mtu. Hapo yatupasa kuanza na ardhi, kwa kuwa mwenye nyumba wa Mwembe Tayari au Majengo mara nyingi si mwenye ardhi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wote wenye kudai ardhi ya pwani walete madai yao yaandikwe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Waliokuwa na karatasi na waliofahamu mambo ya ofisini waliandikwa. Wengi wengine walipitwa. Ndani ya kisiwa wenye ardhi wakaikata viwanja na kuvikodisha kwa watu ambao kila mmoja alijenga nyumba yake mwenyewe, ya udongo na makuti au ya mawe na mabati. Ardhi ni ya huyu na nyumba ni ya yule, nayo desturi hiyo haijakwisha hata leo. Mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja kila mwezi, na akiambiwa aondoke, chake ni boriti na mabati. Kwa hiyo yule aliyempangisha ndugu yetu chumba naye ni mpangaji, na hofu anayomtia mgeni huenda naye ametiwa na mtu mwingine. Twasema haya si kwa kumtetea.

Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na gati za kina kirefu za Kilindini zikafunguliwa katika mwaka 1926. Kazi ikaita watu. Lakini kibarua wa kutwa hakupewa nyumba na tajiri wake. Alijitafutia mwenyewe mitaani, na kodi ikala mshahara. Mwezi wa Julai mwaka 1939 wafanyakazi wa Idara ya Kazi za Umma waligoma, na jambo kubwa walilodai lilikuwa fedha ya nyumba. Mwezi wa Agosti mgomo ukafika bandarini. Serikali ikaunda tume chini ya Bwana Willan kuchunguza hali ya wafanyakazi wa Mombasa, na suala la makao likawa katikati ya uchunguzi wake. Miaka minane baadaye, tarehe 13 Januari 1947, mji mzima ulisimama. Wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi wakakutana kila siku katika uwanja wa Kiembeni, na huko kikazaliwa chama cha African Workers’ Federation, kilichoongozwa na Chege Kibachia. Wazee waliokuwapo walizoea kuuita uwanja ule Ofisi ya Maskini. Mshahara na ghali ya maisha ndiyo yaliyosemwa kwa sauti kubwa, lakini chumba kilikuwa ndani ya kila hesabu.

Katikati ya migomo hiyo miwili ililetwa sheria ambayo wapangaji wengi wa leo hawaijui. Mwaka 1940, wakati wa vita, Serikali ya Kenya ilitunga sheria ya kuzuia kodi za nyumba zisipandishwe ovyo, ikifuata mfano wa Uingereza. Na Waingereza wenyewe waliipata yao kwa kusukumwa. Mwaka 1915 wenye nyumba wa Glasgow walipandisha kodi, wanaume wengi wakiwa vitani na viwanda vya silaha vikijaza mji watu. Wanawake wa mji ule, akiwamo Bibi Mary Barbour, waliwaongoza wapangaji kukataa kulipa nyongeza, wakawazuia madalali wa mahakama milangoni, na kabla mwaka haujaisha Bunge la London likapitisha sheria. Sheria zile zilikataza pia mtu kudai malipo ya kuingilia mbali na kodi, maana wabunge waliona ya kuwa ukifunga mlango wa kodi bila kufunga wa kilemba, hujafunga kitu.

Hapa kwetu sheria ya kuzuia kodi iliandikwa upya mwaka 1959, ikarithiwa baada ya Uhuru. Nayo yakataza kudai kilemba kama sharti la kumpa mtu nyumba, na ina baraza lake la kusikiliza mashtaka ya wapangaji na wenye nyumba. Lakini haizihusu nyumba ambazo kodi yake ya kiwango yazidi Sh. 2,500 kwa mwezi, na kiasi hicho, kilichokuwa kikubwa zamani, leo kimeachwa nyuma na vyumba vingi vya mjini. Tena kuna pengo jingine ambalo kwa maoni yetu ndilo lililotuletea shauri hili. Sheria ilikataza kilemba, lakini haikuweka sanduku la kutunzia amana. Mwenye nyumba akabaki kuwa mpokeaji, mtunzaji, na mwamuzi wa kurudisha, yote kwa pamoja. Haishangazi basi kwamba kilemba kilivaa jina la dipoziti kikaingia nyumbani kwa mlango wa mbele.

Watu nao walizidi kuongezeka. Hesabu ya mwaka 1969 ilionyesha Mombasa ina watu 247,073. Ya mwaka 2019 ikaonyesha 1,208,333. Katika mji wa namna hiyo mama wa chumba cha mbele hawezi kumjua kila aletwaye. Na mwaka 1980 Serikali ilipoamuru vyama vya ustawi vya kikabila vivunjwe, mikono mingi iliyokuwa ikiwashika wageni iliondolewa. Hatuandiki haya kwa kulalamikia amri ile, ambayo ilikuwa na sababu zake za siasa. Twaeleza tu ya kuwa mgeni aliyekosa mtu wa kumdhamini hakubakiwa ila na fedha yake, nayo hawezi kuisemesha.

Basi kwa mtu anayeingia nyumba leo, wazee wetu wamependa tuyaandike yafuatayo, yatokanayo na mashauri waliyoyasikia.

Jambo la kwanza, na ndilo gumu, ni kujua unampa nani. Watu hushauriwa waende ofisi ya ardhi watazame hati imeandikwa jina la nani. Shauri hilo ni jema kwa Nyali au Kizingo. Kwetu sisi laweza kumpotosha mtu, maana hati itamwonyesha mwenye ardhi, na huyo huenda hajaingia katika nyumba ile tangu ijengwe. Mwenye nyumba wa kweli ni yule mwenye stakabadhi za kodi ya kiwanja kwa jina lake. Mwambie akuonyeshe moja ya karibuni. Asiye na la kuficha hataona vibaya. Kisha waulize majirani walioketi barazani, na mzee wa mtaa. Wapangaji wa vyumba vingine ni mashahidi bora kuliko wote, kwa kuwa wao humlipa kila mwezi, na watakuambia pia kama waliotangulia walirudishiwa chao. Imetokea zaidi ya mara moja kwamba mpokea fedha alikuwa mpangaji tu aliyekuwa akijiandaa kuhama, akapokea fedha za chumba kimoja kutoka kwa watu watatu, kisha akapanda basi pale pale Mwembe Tayari.

Dalali ana kazi yake na ujira wake, lakini asishike amana. Sheria yetu yamtaka wakala wa nyumba awe ameandikishwa na bodi yake, na hao wanaosimama stendi alfajiri wengi wao hawajui hata bodi hiyo iko wapi. Mpe ujira wake baada ya kupewa ufunguo, na fedha ya nyumba ifike kwa mwenye nyumba mwenyewe. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 jambo hili limekuwa jepesi: ujumbe hutaja jina la aliyepokea, kiasi, siku na saa, nao hauwezi kukanwa. Jina likija tofauti na lile la stakabadhi ya kiwanja, simama uulize kabla ya kutuma nyingine.

Na hapo ndipo kwenye karatasi. Mapangano ya chumba ya muda usiozidi miaka miwili yaweza kufanywa kwa mdomo, na sheria ya ardhi ya mwaka 2012 yayatambua. Kwa hiyo asidhani mtu ya kuwa hana haki kwa sababu hakuandikiana. Lakini haki isiyo na ushahidi ni safari ndefu. Ndugu yetu angaliandikiwa mistari miwili tu, ya kwamba Sh. 6,000 ni kodi ya mwezi fulani, na Sh. 12,000 ni amana itakayorudishwa siku ya kutoka, baada ya kukatwa kodi isiyolipwa na uharibifu uliothibitishwa, wazee wasingelikuwa na kazi. Tena mkague chumba pamoja kabla hujaingiza kitanda: kitasa, dirisha, dari inayovuja, mita ya umeme na deni la maji. Yaandikwe, mweke sahihi wote wawili, awepo shahidi. Simu za siku hizi hupiga picha, nazo picha zina tarehe.

Kuna makosa ya upande wetu pia, nasi hatutayaficha. Baadhi ya wapangaji huacha kulipa miezi miwili ya mwisho, wakisema amana ijilipe. Mwenye nyumba aliyefanyiwa hivyo mara tatu hujifunza kuomba miezi mitatu badala ya miwili, na anayeilipa ni mgeni wa kesho asiyekuwa na kosa.

Katika nchi nyingine wamelitengeneza pengo hili. Jimbo la New South Wales huko Australia liliunda bodi ya amana za nyumba mwaka 1977. Fedha haikai kwa mwenye nyumba wala kwa mpangaji, hukaa kwa bodi mpaka siku ya kutoka. Katika Uingereza, tangu mwezi wa Aprili 2007, mwenye nyumba anayepokea amana kwa mapangano ya kawaida hana budi kuiweka chini ya mpango wa hifadhi uliokubaliwa na serikali. Kenya haina bodi ya namna hiyo. Mwenye kudhulumiwa anayo njia ya Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi nchini mwaka 2021, ambayo husikiliza madai ya fedha yasiyozidi Sh. 1,000,000, na mtu aweza kusimama mwenyewe bila wakili. Wazee wetu hawamzuii mtu kwenda huko. Wanaomba tu waanze kuletewa wao, na mletaji aje na karatasi zake.

Turudi kwa ndugu yetu. Baada ya vikao viwili mwenye nyumba alieleza ya kuwa yeye naye alipoinunua nyumba ile alitoa kilemba kwa mwenye ardhi ndipo akaandikwa katika daftari la kiwanja, na hakuna aliyemwambia kwamba siku moja kitarudi. Kuhusu zile Sh. 12,000 alikiri ya kuwa zilikwisha zamani. Zilinunua mabati ya upande wa uani. Akaulizwa kama neno kilemba alilitamka siku ile ya kwanza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hakumbuki. Mapatano yakawa arudishe nusu, Sh. 6,000, kwa mafungu matatu ya Sh. 2,000, na ndugu yetu akaridhia, ijapokuwa uso wake haukuridhia sana.

Mwandishi wa chama ametengeneza karatasi ya kuingilia nyumba, yenye nafasi mbalimbali za kodi na za amana, na mahali pa mashahidi wawili. Yapatikana kwake bila malipo siku za mkutano. Fungu la kwanza na la pili la ndugu yetu yamelipwa mbele ya mweka hazina. La tatu lilikuwa halijafika tulipokuwa tukipeleka taarifa hii kwa mpiga chapa.